Bwana Njema na Kidole Nusu

Mume wangu ni kinyozi, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Bwana Njema, na mimi wananiita Mama Njema, jambo ambalo sikuliomba. Jina hilo alilipata kwa halali. Mwaka ule upepo ulipong'oa bati la banda lake la kunyolea likaenda kulala kwenye uwanja wa shule, watu walimkuta amesimama katikati ya banda, jua linampiga utosini, nywele za wateja zinapeperuka kila upande. Jirani akamuuliza habari za asubuhi. Akajibu, "Njema tu. Mwanga umeongezeka."

Huyo ndiye aliyenioa, miaka ishirini na saba sasa. Ukimuuliza habari za nyumbani, njema. Za kazi, njema. Za mguu, siku ile alipokanyaga msumari, njema, na msumari wenyewe ulikuwa bado uko ndani. Si kwamba anasema uongo. Kwake yeye salamu si swali. Unabisha hodi, unakaribishwa, basi. Nani anayekaribishwa halafu akaanza kumwaga shida zake mlangoni? Hivyo ndivyo alivyonieleza, nami nikamwambia siku akifa wakija kumuuliza hali yake atasema njema, na watamrudisha nyumbani.

Mimi siko hivyo. Mimi kikiniuma kitu, mtaa mzima unajua kabla ya chakula cha mchana. Ndivyo nilivyokuwa najisifu, na nimeliweka hilo hapa mapema makusudi.

Mambo yalianza na kidole cha mwisho cha mkono wake wa kulia, kile kidogo. Kilikuwa kinakufa ganzi. Hakusema, bila shaka. Nilijua kwa sababu vitu vilianza kuanguka. Kwanza kitana, halafu brashi ya povu, halafu kikombe changu chenye maua ambacho kilikuwa kimebaki peke yake kati ya sita. Kila kitu kikianguka anakiangalia kwa mshangao, kana kwamba kimeruka chenyewe. Nikiuliza vipi, anasema kikombe kilikuwa na mafuta. Nikamuuliza tangu lini tunaosha vikombe kwa mafuta. Akachukua ufagio.

Halafu ikaja Jumamosi ya mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu wa shule hiyo hiyo iliyopokea bati letu hunyolewa kila Jumamosi saa tatu, kichwa na ndevu, na mwisho anasawazishwa panja kwa wembe. Si wembe wa dukani. Ni wembe wa kukunja wenye mpini wa mfupa, ambao mume wangu aliachiwa na mzee aliyemfundisha kazi, na anaunoa kila asubuhi kwenye mkanda wa ngozi kabla hajasalimiana na mtu. Siku hiyo alikuwa amefika kwenye panja la kushoto. Mkono ukalegea, wembe ukateleza, nyusi ya kushoto ya mwalimu mkuu ikaondoka yote. Halikutoka hata tone la damu. Nyusi ilikatwa vizuri sana, nisimdhulumu mtu sifa yake.

Mwalimu mkuu ni mstaarabu. Alijitazama kwenye kioo, akasema nywele zitaota, akauliza kama kuna anayejua kupaka wanja. Basi wiki tatu nzima binti yetu alikuwa anapita nyumbani kwa mwalimu asubuhi kumchorea nyusi kabla hajaenda chuoni. Binti anasomea ufundi umeme, mkono wake umezoea kuchora nyaya na si nyusi, kwa hiyo kila siku ilitoka tofauti. Jumatatu mwalimu mkuu alikuwa anashangaa kutwa nzima. Jumanne alikuwa amekasirika, na wanafunzi wanne walikwenda ofisini kukiri makosa ambayo hakuna aliyewauliza.

Tulicheka sana. Lakini Jumamosi ile yenyewe sikucheka. Mume wangu alirudi nyumbani saa sita mchana, akaweka wembe mezani, akakaa. Nikamuuliza habari za kazi. Hakujibu kitu. Miaka ishirini na saba, na hiyo ndiyo siku ya kwanza neno lake lilipokataa kutoka, nami nikaogopa kweli kweli. Nikauchukua wembe, nikaufunga kwenye kitambaa, nikauficha ndani ya debe la unga. Akabaki na mashine ya umeme tu, na hata hiyo alikuwa anaishika kwa mikono miwili kama mtu anayebeba sufuria ya moto. Mkono ule ungeendelea vile angefunga banda. Na angefunga banda, mimi sijui ningeishi na nani, maana mtu ninayemjua anakaa kule. Nyumbani anakuja kulala na kula tu.

Nikampeleka zahanati. Nikakosea jambo moja, nilimwacha aingie peke yake. Alitoka baada ya muda mfupi sana, anatabasamu, ameshika vidonge vya minyoo. Nikamuuliza alimwambia nini daktari. Akasema daktari alimuuliza habari za afya, akajibu njema. Akaulizwa mkono, akasema haujambo. Akaulizwa sasa amefuata nini, akaona aibu kumpotezea mtu muda wake, akasema tumbo. Nikamshika shati nikamrudisha ndani, nikazungumza mimi. Nilizungumza mpaka daktari akaweka kalamu chini. Tulitoka na barua ya rufaa ya kwenda hospitali kubwa, kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu.

Sasa daktari bingwa huyo haishi pale. Anakuja siku mbili kila baada ya miezi mitatu, na kila mgonjwa ana dakika ishirini zake. Ukikosa, au ukienda ukasema njema, unarudi kwenye foleni ya miezi mitatu mingine, na mkono hausubiri foleni. Sisi tulipangiwa wiki sita mbele. Barua ilisema mgonjwa aandike kwenye daftari dalili zake kila siku, saa ngapi zinamjia na anafanya nini wakati huo, avae nguo inayopandishwa mikono kwa urahisi, na aje na mtu wake wa karibu. Nilisoma hiyo ya mwisho mara mbili. Nilihisi wananijua.

Nikanunua daftari la kurasa themanini, jalada la bluu. Nikampa. Baada ya siku nne nikalikagua. Jumatatu: njema. Jumanne: njema, nashukuru. Jumatano: mvua kidogo. Alhamisi: njema, pia nimemnyoa dereva wa lori.

Nilikaa kimya kidogo ili nisitamke jambo ambalo ningelijutia. Kisha nikalitamka.

Tangu siku hiyo daftari likawa la nyumba nzima. Binti alichora mistari, safu tatu kila ukurasa: saa, kidole gani, anafanya nini. Alisema taa ikizimika hatafuti kosa kwenye taa peke yake, anafuata waya mpaka mwanzo, kwa sababu mara nyingi taa ni nzima na waya ndio umebanwa mahali. Nikamwambia baba yake si nyumba. Akaenda akaleta bisibisi yake ya kupimia umeme, akaigusisha kwenye kidole cha baba yake, taa yake ndogo ikakataa kuwaka. Akaandika kwenye daftari kwamba baba hana moto.

Asubuhi alikuwa anaandika binti akipita bandani, mchana naandika mimi nikipeleka chakula, na jioni anaandika shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Shemeji ni fundi wa kupaka rangi nyumba, na ana kipaji cha kufika mahali chakula kinapoiva. Maandishi yake mengi yalimhusu yeye mwenyewe. "Saa kumi na mbili, kidole cha kaka kimekufa ganzi, hata mimi goti langu halijakaa sawa, nyama leo ilikuwa ngumu." Nilimwambia daktari bingwa hatoki mbali kuja kusoma habari za nyama. Akasema daktari anahitaji kujua mazingira.

Tatizo jingine lilikuwa benchi. Bandani kuna benchi la wateja wanaosubiri, na wanaume wakikaa benchi hawakubali kuachwa nyuma na jambo lolote. Walipoona kinyozi anachomwa vidole na binti yake kwa kijiti cha meno, amefumba macho, aseme kama anasikia, kila mmoja akataka kuchomwa. Wiki ya pili ilipoisha tulikuwa na wagonjwa saba wa mishipa ya fahamu. Mmoja alisema unyayo wake unawaka moto hata akiwa amekaa anasikiliza tu. Mwingine alisema sikio lake halimo, yaani lipo lakini halimo. Nilikuta wamejiandikisha kwenye ukurasa wa daftari, wamejipanga kwa umri. Nikauchana ukurasa nikawaambia atakayeandika tena humo nitamnyoa mimi mwenyewe. Benchi likapona lote saa ile ile.

Lakini kijiti kile kilileta ugomvi wa kweli nyumbani. Binti alikuwa anamchoma baba yake polepole, kidole baada ya kidole. Kidole kidogo, hasikii. Cha katikati, anasikia. Cha pete ndicho kilichotutesa. Upande wa kidole cha katikati anasikia, upande wa kidole kidogo hasikii. Binti akaandika: kidole cha mwisho chote, na cha pete nusu. Shemeji akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikamwambia binti afute, tusiende kuchekwa hospitali kubwa, kidole hakigawanywi kama mkate, ama kimekufa ganzi ama hakijafa. Binti akasema ameandika alichokiona. Nikasema futa. Akasema hafuti. Mume wangu, ambaye kidole ni chake, akasema pande zote mbili za kidole ni njema, tusigombane. Nikatoka nje kwenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe tukaanza mazoezi. Niliona wazi kwamba daftari peke yake halitoshi, maana mtu huyu anaweza kukabidhi daftari kwa mkono mmoja na kwa mdomo akasema hajambo. Shemeji akawa daktari. Alivaa lile shuka jeupe la kunyolea, akalifunga nyuma, akakaa kwenye kiti cha sebuleni amekunja nne, na sauti akaishusha mpaka tumboni. Mume wangu alikuwa anatoka nje, anabisha, anaingia. Daktari anasema, habari yako bwana. Mgonjwa anatakiwa kusema, daktari, sijisikii vizuri, mkono wangu wa kulia unakufa ganzi. Ni maneno machache tu. Mtoto wa chekechea angeyashika kabla ya uji kupoa.

Mara ya kwanza alisema njema. Mara ya pili alisema njema, kidogo. Mara ya tano alisema, daktari, sijisikii vizuri, lakini njema. Nikaweka adhabu. Mume wangu anakunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari, mimi kimoja, na kila njema moja ingeondoa kijiko kimoja. Jioni ya kwanza alikunywa chai chungu, amekunja uso mpaka masikio yakasogea. Jioni ya pili pia. Alisema njia hii si ya kibinadamu. Nikamwambia huo ndio usemi tunaoutaka, aukariri, autumie kwa daktari. Jioni ya sita alifika kijiko kimoja, jioni ya tisa vitatu. Shemeji naye alikuwa ameizoea kazi, akawa anaandika dawa: supu asubuhi na jioni, mgonjwa ale pamoja na ndugu yake wa karibu.

Sijui niseme nini kuhusu mimi siku hizo. Nilikuwa napiga kelele sana, hilo kila mtu anakumbuka.

Siku ikafika. Nilimvalisha shati la mikono mifupi na soksi mpya, kwa sababu nilisikia wanapima na miguu pia, na sikutaka daktari bingwa akutane na kile kidole gumba kinachochungulia. Alijinyoa mwenyewe kwa mashine, akabakiza kishungi nyuma ambacho nilikiona tukiwa tayari kwenye foleni. Ndani ya mkoba wangu niliweka barua, daftari na kijiko kimoja cha chai. Kijiko kilikuwa cha kumkumbusha.

Ukumbi wa kusubiri ulikuwa na viti vya plastiki na saa kubwa ukutani. Alisalimiana na watu wote waliokuwa pale, mmoja mmoja. Nilimwacha, nikafikiri amalize njema zote hapo nje aingie ndani mtupu. Tukaitwa.

Nilitarajia mzee mwenye mvi. Tulimkuta binti mdogo, mdogo kiasi kwamba nilitaka kumuuliza baba yake daktari yuko wapi. Alisimama tulipoingia, akainamisha kichwa kidogo. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

Nikajua tumekwisha. Katika mazoezi yote yale shemeji hakutoa shikamoo hata moja, maana yeye alikuwa daktari wa miaka sitini. Uso wa mume wangu ukafunguka wote. Marahaba, mwanangu, akasema, hujambo? Daktari akasema hajambo. Mume wangu akamuuliza habari za safari. Akamuuliza wanalala wapi wakija huku, na chakula wanakipata? Daktari naye, malezi mema yana hasara zake, akajibu kila kitu, kisha akauliza za kwetu. Za kwetu zilikuwa njema. Watoto walikuwa wazima. Kazi ilikuwa inaendelea vizuri. Niliiangalia saa ya ukutani, dakika nne zimekwenda. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akaniomba radhi, akadhani yeye ndiye amekaa vibaya, akasogeza kiti.

Daktari akafungua jalada lake. Akauliza, "Na mkono, mzee, unasemaje?"

Mume wangu akaanza kusema haujam..., na mimi nikatoa kijiko kwenye mkoba nikakiweka mezani mbele yake. Akakitazama. Daktari akakitazama. 

Mume wangu akasema mkono hausikii. Akasema kidole cha mwisho kimekufa ganzi, na wakati mwingine kama umeme unapita mpaka kwenye kiwiko, na vitu vinaanguka. Akasimulia nyusi ya mwalimu mkuu, yote, hakupunguza. Daktari hakucheka, ila aliinama kutafuta kalamu ambayo alikuwa ameishika. Kisha akamuuliza kama bado anashika wembe.

"Mke wangu ameuficha kwenye debe la unga," akasema. Mimi nilidhani hajui. "Nauona kila nikichota unga. Siugusi. Naogopa nitamkata mtu shingo, mwanangu. Na naogopa nikiacha kazi hii, asubuhi nitakuwa naamka niende wapi."

Miaka ishirini na saba nimemsikia mtu huyu akizungumza, na sentensi hiyo sikuwa nimewahi kuisikia. Nilikirudisha kijiko mkobani. Hakikuhitajika tena.

Daktari akampima. Akamwambia afumbe macho, aseme akiguswa na pamba. Mume wangu akawa anasema nimesikia, nimesikia, na daktari pamba bado iko mkononi mwake hajamgusa. Hakutaka kumvunja moyo. Daktari akamwambia kwa upole kwamba hapa hakuna majibu ya kumfurahisha mtu. Wakaanza upya. Akampiga magoti kwa kinyundo cha mpira, akamwambia ashike karatasi katikati ya vidole, karatasi ikachomoka kirahisi.

Kisha akachukua daftari. Alisoma polepole, ukurasa baada ya ukurasa, na alipofika kwenye goti la shemeji akaruka. Akasimama mahali. Akauliza nani aliandika kwamba kidole cha pete ni nusu. Nikasema ni binti yetu, na nikaanza kumwombea msamaha, nikaeleza kwamba nilimwambia afute, mtoto ana kichwa kigumu. Daktari akasema ashukuriwe huyo mtoto, maana kuna mshipa mmoja tu wa fahamu unaogawanya kidole cha pete hivyo, na nusu ile imemwonyesha waya gani wa kufuata. Neno waya alilisema yeye, si mimi. Sikuongeza kitu.

Akatuonyesha safu ya tatu. Kila ganzi inapozidi, maandishi ni yale yale: amekaa, hakuna mteja. Amekaa, anasoma gazeti. Amekaa, anasubiri. Si wakati wa kunyoa, ni wakati wa kupumzika. Akamwomba mume wangu aonyeshe anavyokaa. Mume wangu akavuta kiti chenye mikono, akaegemeza kiwiko cha kulia, akaweka shavu kwenye kiganja, akatazama mlangoni kama anamtafuta mteja. Amekaa hivyo maisha yake yote. Daktari akazunguka, akagonga kwa kidole mahali fulani nyuma ya kiwiko kile. Mume wangu aliruka, akatamka neno ambalo halikuwa njema hata kidogo, na nesi alifungua mlango kuchungulia.

Daktari akaeleza kwamba mshipa ule unapita pale kwenye kiwiko karibu kabisa na ngozi, na inaelekea umekuwa ukibanwa kila siku kwa muda mrefu. Hakutuahidi muujiza. Alisema kuna kipimo cha kupitisha umeme kidogo mkononi, mzee atafanyiwa mwezi ujao na wahudumu wa pale pale, ndipo yeye awe na uhakika. Kwa sasa asiegemee kiwiko kabisa, akifunge taulo akiwa amelala, na wembe ukae ulipo. Mkono unaweza kurudi taratibu, kwa miezi, labda wote, labda si wote, na ukikataa kuna upasuaji mdogo. Akamuuliza kiti chake cha kazini kikoje.

Hapo mume wangu akatazama dari. Hakutaka kusema, kwa ajili yangu. Nikasema mwenyewe. Kiti ni cha chuma, cha zamani, na mikono yake ilikuwa na sponji na kitambaa kinachofanana na ngozi. Sponji la kulia limekwisha, kimebaki chuma kitupu. Aliniomba nimshonee jingine, mimi nina cherehani ndani ya nyumba. Nilimwambia wiki ijayo. Nimekuwa nikimwambia wiki ijayo kwa miaka miwili.

Daktari aliona uso wangu, nadhani. Aliacha kuandika, akageuza kiti chake kunielekea. "Na wewe mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu," nikasema. "Mzima kabisa. Njema."

Mume wangu akasema, "Mwongo huyo, daktari. Geuza daftari, usome kwa nyuma."

Daktari akaligeuza juu chini, akalifungua kutoka mwisho. Kulikuwa na kurasa ambazo sikuwa nimeziona, zimeandikwa kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zinazolalia huku na huku. Alisoma kidogo, akanisogezea nisome mwenyewe.

"Jumatatu. Mke wangu amelia jikoni. Kasema kitunguu. Vitunguu vilikuwa vinne asubuhi, jioni vinne.

"Alhamisi. Amejifungia bafuni amefungua bomba ili nisisikie. Maji yalikatika tangu jana. Nimesikia.

"Ijumaa. Hajamaliza chakula. Kanifokea nimalize changu.

"Jumapili. Nimemuuliza habari. Kasema njema."

Nilifungua mdomo nitoe maelezo kuhusu vitunguu. Hayakutoka. Nikamwambia daktari naogopa. Nikamwambia tangu siku ya mwalimu mkuu naogopa, kutwa nzima, na nikipiga kelele ndivyo ninavyoogopa. Akasema hilo nalo ataliandika, na akaliandika. Mume wangu alikuwa amenishika mkono kwa mkono ule ule mbovu, na sijui ni vidole vingapi na nusu vilivyokuwa vinanisikia, lakini vilikuwa vimenikamata vizuri.

Tulirudi nyumbani alasiri. Nilikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, nikatoa sponji la mto wa zamani, nikakata kipande cha kitambaa kizito, nikaanza kushona mikono ya kiti, yote miwili. Mume wangu alikuwa jikoni. Alikuja na kikombe cha chai, amekishika kwa mkono wa kushoto, akakiweka pembeni ya cherehani, akasimama akinitazama.

Nikaonja. Hakikuwa na sukari hata punje.

Nikaangalia juu nimuulize. Akaniambia nilisema njema mbele ya daktari, amesikia kwa masikio yake mawili, na adhabu niliiweka mimi mwenyewe. Nikainywa yote.